Baiskeli Nairobi: Tatizo ni Zile Mita 200 Zinazokosekana

Leo tuache kidogo habari za programu na seva. Nataka tuongee juu ya baiskeli, ingawa wale mnaonijua mnajua tayari kwamba nitarudi kwenye kompyuta kabla hatujafika mbali.

Hoja yangu naiweka hapa mwanzoni ili asiye na muda aichukue na kwenda zake. Mtu anayehama kutoka kijijini kwenda jiji kubwa haachi kuendesha baiskeli kwa sababu ya uvivu, wala milima, wala hata wingi wa magari. Anaiacha kwa sababu njia aliyopewa imekatika. Njia ya kilomita 12 ambayo ni nzuri kwa kilomita 11 na mita 800, halafu ikakutupa katikati ya matatu kwa mita 200, hiyo ni njia mbovu. Mpaka wanaojenga barabara zetu waanze kuhesabu zile mita 200, tutaendelea kuzindua njia mpya ambazo watu wanaziogopa.

Sasa nieleze.

Mimi ni mtu wa Mautuma, kule Lugari, kaunti ya Kakamega. Kwa asiyepajua, ni kaskazini mwa kaunti, nchi ya mahindi. Huko baiskeli haikuwa mchezo. Ilibeba maziwa asubuhi, ilibeba gunia la mahindi kwenda kusagwa, ilibeba mgonjwa, ilibeba bibi harusi. Ile kubwa nyeusi, nzito kama jembe la ng'ombe, ambayo Kenya nzima tunaiita Black Mamba, ndiyo ilikuwa lori la kila boma. Ikipata pancha unaenda kwa fundi aliye chini ya mti, anatoa tyubu, anaitia kwenye karai la maji, anatazama mapovu yanapotokea, anapiga kiraka, unaondoka.

Magharibi ya Kenya ina historia na baiskeli ambayo watu wa Nairobi husahau. Hii biashara ya boda boda ilianzia huku kwetu, mpakani Busia, miaka ya 1960, watu wakibebwa kwa baiskeli kutoka kituo cha mpaka cha upande mmoja hadi cha upande wa pili. Ilikuwa baiskeli, si pikipiki. Pikipiki zilikuja kutawala baada ya mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi kwa zile za chini ya cc 250. Leo ukisema boda boda kila mtu anafikiria injini, lakini jina lenyewe lilizaliwa juu ya pedeli.

Nilipokuwa chuoni nikisomea sayansi ya kompyuta nilinunua baiskeli ya mashindano ya mitumba, ile ya tairi nyembamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. Likizo zote nilizimalizia barabarani: Mautuma, Lumakanda, Turbo, kisha kurudi. Usidhani nasema kijijini ni peponi. Mvua ikinyesha, barabara ya udongo inakuwa sabuni. Na ukifika kwenye barabara kuu inayotoka Eldoret kwenda Malaba unakutana na malori ya mizigo ya Uganda, na lori halikupi salamu. Lakini katika njia za ndani magari ni machache, mwendo ni mdogo, na dereva mara nyingi anamjua mjomba wako.

Halafu nikapata kazi Nairobi, kama vijana wengi wa taaluma hii. Nikakaa Roysambu, ofisi iko Westlands. Kila mtu aliniambia jambo moja: "Baiskeli iache nyumbani, hapa utakufa." Sikuiacha. Huu ni mwaka wa tano naendesha, na ndiyo maana najiona nina haki ya kusema.

Kwanza niwape wale wanaotaka kuanza yale ninayoyafanya, maana yanafanya kazi.

Moja, msiogope msongamano, ogopeni mwendo. Hili huwashangaza wengi. Wageni huamka saa kumi na moja alfajiri ili wakwepe magari. Hesabu ya fizikia ya sekondari inasema kinyume. Nguvu ya kitu kinachogonga huongezeka kwa mraba wa mwendo wake: gari la kilomita 60 kwa saa lina nguvu mara nne ya gari hilo hilo likiwa kwenye kilomita 30. Gari lililokwama kwenye msongamano wa Pangani linaweza kukupigia honi na kukutukana, lakini haliwezi kukuua. Lile la alfajiri kwenye barabara tupu, matatu mbili zikishindania abiria, ndilo la kuogopa. Na dereva anayekwenda kilomita 50 kwa saa, akichukua sekunde moja na nusu kushtuka, amekwisha kusafiri karibu mita 21 kabla hajagusa breki. Kwa hiyo mimi hutoka jua likianza kuonekana, saa kumi na mbili na nusu hivi, na huingia kwenye msongamano bila wasiwasi.

Mbili, ipime njia Jumapili. Usijaribu njia mpya Jumatatu asubuhi. Iendeshe siku isiyo na watu, simu ikirekodi, ukiandika kila mahali unapolazimika kuingia barabarani na magari. Njia fupi mara nyingi si njia salama. Yangu imezidi ile fupi kwa kilomita mbili na sijutii hata moja.

Tatu, acheni fahari ya tairi nyembamba siku za kazi. Vifuniko vya mitaro Nairobi vina nafasi zinazomeza tairi la milimita 23 kama mamba. Tumia tairi pana, milimita 32 au zaidi. Weka taa nyekundu nyuma, hata mchana wa mawingu. Beba tyubu ya akiba, gundi na pampu. Baiskeli nyepesi iache kwa Jumamosi.

Nne, tafuteni mapema mahali pa kuiweka. Kuna jengo moja nililofanyia kazi ambapo bawabu alinikatalia kuingia chini kwenye maegesho kwa sababu baiskeli haina namba ya usajili, na fomu yake ya kielektroniki haikubali kuacha sehemu ya namba wazi. Mimi ni mtengeneza programu, nilielewa tatizo mara moja: aliyeandika ile fomu hakuwahi kufikiria kwamba mtu anaweza kuja kazini bila injini. Kumbuka mfano huu, tutaurudia.

Tano, tafuta wenzako. Jumamosi asubuhi makundi hupanda Banana, Tigoni na Limuru, katikati ya mashamba ya chai, na kuna Critical Mass, mwendo wa pamoja mjini wa kila mwisho wa mwezi, wazo lililoanzia San Francisco mwaka 1992. Wanaopenda mashindano wanajua kwamba huko Kikuyu ndiko David Kinjah anakowafundisha vijana wa Safari Simbaz, na kwamba Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alifunzwa na Kinjah akiwa kijana kabla ya kushinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017. Mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika. Kwa hiyo msituambie baiskeli ni mambo ya wazungu.

Naam. Hayo matano yamenisaidia. Lakini sasa nataka mwone kitu kimoja: yote matano ni viraka. Kila moja ni namna ya kukwepa tatizo ambalo liko pale pale. Katika kazi yetu, ukiona watumiaji elfu moja, na kila mmoja amebuni ujanja wake wa kuzunguka hitilafu ile ile, huwapi watumiaji semina ya ujanja. Unarekebisha programu.

Na viraka vyangu vinahitaji vitu ambavyo si kila mtu anavyo. Vinahitaji muda wa kujaribu njia Jumapili. Vinahitaji bosi asiyejali ukifika saa mbili au saa tatu. Vinahitaji pesa za taa, na pesa za kupanda matatu siku mvua inaponyesha.

Hapo ndipo jambo hili lilipoacha kuwa la burudani kwangu. Mdogo wangu amemaliza shule, na amepata kazi kwenye kiwanda kimoja Industrial Area. Atakaa Kayole. Juzi tukiwa nyumbani Mautuma aliniuliza, "Kaka, nije na baiskeli?" Hesabu yake ilikuwa tayari: nauli shilingi 80 kwenda, 80 kurudi, siku 26 kwa mwezi, ni shilingi 4,160. Kwa mshahara anaoanza nao hiyo ni kodi ya nyumba inayokwenda kwa matatu. Baiskeli ingemlipa gharama yake kabla ya miezi mitatu kwisha. Mguu anao, kifua anacho, ameendesha tangu akiwa mdogo. Kwa kila kipimo ambacho mimi na wewe tungetumia, jibu ni ndiyo, njoo nayo.

Nilinyamaza. Yeye hachagui saa ya kutoka, zamu yake huanza saa moja kamili. Hawezi kuzunguka kilomita mbili za ziada akichelewa. Jioni atarudi gizani. Atakuwa mmoja wa wale ninaowapita kila asubuhi: wabeba mikate, wauza maji, mafundi, walinzi wanaotoka zamu ya usiku, wote juu ya Black Mamba bila taa. Sisi wa helmeti na suruali za kubana ndio tunaopigwa picha, lakini wao ndio wengi, na wao hawana hiari.

Haya, turudi kwenye kompyuta kama nilivyoahidi.

Tuseme safari ya mdogo wangu ina makutano 10 ya hatari. Namba hizi ni za mfano tu, shikilia hesabu. Tuseme kila makutano unayapita salama mara 999 kati ya 1,000. Inaonekana vizuri sana, sivyo? Lakini anayapita kwenda na kurudi, mara 20 kwa siku, na kwa siku 240 za kazi ni mara 4,800 kwa mwaka. Moja kati ya elfu inampa karibu mikasa mitano kila mwaka. Si lazima yote iwe kifo, lakini inatosha mmoja.

Sasa serikali inakuja na mradi. Inarekebisha makutano tisa yakawa salama kabisa, asilimia mia. La kumi linaachwa kwa sababu pesa zimekwisha au kuna kesi ya ardhi, na kwa kuwa njia nzuri sasa inawaleta waendeshaji wote pale na kuwamwaga ghafla kwenye magari, usalama wake unashuka hadi mara 99 kati ya 100. Hesabu: mara 2 kwa siku, siku 240, ni mara 480. Moja kati ya mia ni mikasa 4.8. Yaani karibu mitano. Ile ile!

Tumetumia fedha kwa asilimia 90 ya kazi, na mdogo wangu yuko pale pale alipokuwa. Kwenye ripoti ya mradi patakuwa na asilimia 90. Kwenye mwili wake hakuna kilichobadilika.

Sisi tunaojenga mifumo tunalijua hili hata usingizini. Mfumo wenye sehemu zinazotegemeana ni imara kadiri ya sehemu yake dhaifu kuliko zote. Kebo iliyokatika sentimita moja haipitishi asilimia 99 ya data, haipitishi chochote. Hakuna mteja anayekubali umwambie seva tisa kati ya kumi zinafanya kazi, kama ile ya kumi ndiyo yenye malipo.

Tuangalie basi barabara zetu kwa jicho hilo. Sitaki kusema serikali haijafanya kitu, kwa sababu si kweli, na kusema uongo hakutusaidii.

Thika Road ilifunguliwa Novemba 2012, kilomita kama 50, na ilikuja na njia za miguu na baiskeli kando yake. Outering Road, ile ya kilomita 13 iliyopanuliwa kwa msaada wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, nayo ina njia za baiskeli. Gigiri, mbele ya Umoja wa Mataifa, kuna barabara iliyotengenezwa kama mfano wa mpango wa UNEP ulioanza 2008 wa kugawana barabara kati ya magari, watu na baiskeli. Kaunti ya Nairobi ilitoa sera mwaka 2015 inayosema asilimia 20 ya fedha za barabara ziende kwa watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na usafiri wa umma. Baada ya NMS kuundwa mwaka 2020, njia zilichorwa na kujengwa katikati ya jiji, Kenyatta Avenue ikiwemo.

Kwenye karatasi, hii ni orodha ya kujivunia. Endesha sasa. Njia inakwenda vizuri, halafu inafika steji ya matatu na kugeuka kuwa steji. Inafika mahali barabara ya kuingilia inapokutana na ile kuu, na rangi inakwisha kana kwamba mchoraji aliitwa chakula. Inafika kwenye daraja la miguu na kukuonyesha ngazi. Mbele kidogo kuna vibanda, na siwalaumu wachuuzi, wamefuata wateja. Kisha nguzo ya umeme katikati. Kisha mtaro usio na kifuniko. Kila kizuizi ni kidogo. Ukikijumlisha kimoja kimoja havifiki hata kilomita moja. Ndivyo hivyo vinavyoamua kama mtu ataendesha au hataendesha.

Halafu mwaka 2022 tukafungua Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ambako baiskeli na boda boda haziruhusiwi. Sina tatizo na kukatazwa kule juu, hata mimi sitaki kuwa huko. Swali langu ni kwamba barabara ile ya juu haina kipande kilichokatika. Hakuna mahali gari linafika na kuambiwa lishuke kwenye majani kwa mita 200 kisha lipande tena. Kwa hiyo kujenga kitu kisichokatika tunaweza. Tunajua namna. Ni suala la nani anafikiriwa wakati wa kuchora, kama ile fomu ya bawabu isiyokubali mtu asiye na namba ya usajili.

Najua majibu yatakayokuja, kwa sababu huwa nayasikia.

La kwanza: waendesha baiskeli Nairobi ni wachache, kwa nini tutumie pesa? Ndugu yangu, ukurasa usiofunguka hauna wasomaji. Huwezi kuufuta kwa sababu hauna wasomaji, ilhali haujawahi kufunguka. Tengeneza kwanza njia moja tu isiyokatika kutoka Kayole hadi Industrial Area, kisha uhesabu.

La pili: waendesha baiskeli wenyewe hawafuati sheria, hawavai helmeti, hawana taa. Ni kweli, na wavae. Mimi huvaa. Lakini helmeti haikuundwa kushindana na basi. Kumwambia mtu avae helmeti kisha umpitishe katikati ya mabasi ni kama kumwambia mtumiaji achague nywila ngumu wakati hifadhidata yako iko wazi kwa dunia nzima.

La tatu: sisi si Uholanzi. Hili ndilo linalonifurahisha zaidi, kwa sababu hata Uholanzi haikuwa Uholanzi. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,200 walikufa barabarani katika nchi ile ndogo, zaidi ya 400 wakiwa watoto. Miji yao ilikuwa imejaa magari na viwanja vyao vilikuwa maegesho. Wazazi waliingia barabarani na kupaza sauti, wakaanzisha harakati iliyotaka mauaji ya watoto yakome, na kwa miaka mingi ya siasa na kelele barabara zikabadilishwa. Hawakuzaliwa na njia za baiskeli. Walizidai. Na sisi hapa Kenya, kwa miaka kadhaa sasa, zaidi ya watu 4,000 hufa barabarani kila mwaka, kundi kubwa zaidi likiwa la watu wa miguu. Sijui tunasubiri namba gani.

Sasa, sisi wa kompyuta tufanye nini? Siamini kwamba programu ya simu itajenga barabara. Tumekwisha kuona programu nyingi za kuokoa Afrika. Lakini kuna kitu kimoja tunachokiweza kuliko wengine, nacho ni kufanya kisichoonekana kionekane.

Nairobi ina historia nzuri hapa. Mwaka 2009 vijana wa Kibera waliichora Kibera kwenye OpenStreetMap, mahali ambapo ramani rasmi zilikuwa na doa tupu. Miaka michache baadaye Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na MIT, Columbia na wenzao walifanya mradi wa Digital Matatus: wanafunzi walipanda matatu wakiwa na simu, wakarekodi njia na steji, na mwaka 2014 wakatoa ramani ya njia zaidi ya 130 pamoja na data yake huru. Kabla ya hapo watu walisema matatu hazina mpango, ni vurugu tu. Kumbe mpango ulikuwepo, haukuwa umeandikwa.

Tufanye hivyo hivyo kwa vipande vilivyokatika. OpenStreetMap inakuruhusu kuonyesha njia ya baiskeli inaanzia wapi na inaishia wapi, imewekwa nini juu yake, ina upana gani. Wengi wetu huchora njia. Tuchore mwisho wa njia. Kila inapokatika, weka alama, andika urefu wa pengo na kinachosababisha. Hapo mtu akitaka kuzindua kilomita 5, tutakuwa na orodha ya kumuuliza: na haya mapengo saba?

Tahadhari moja kwa wapenda data. Msichukue rekodi za Strava mkasema hizo ndizo baiskeli za Nairobi. Zile ni rekodi za watu kama mimi, wenye simu nzuri na Jumamosi huru. Mbeba mikate wa saa kumi na moja alfajiri hayumo, na mdogo wangu hatakuwemo. Ukipanga njia kwa kufuata ramani ile, utajenga njia nzuri sana ya kwenda Tigoni kunywa chai. Kwa hiyo kazi hii inahitaji mtu kusimama kwenye makutano Jumatatu asubuhi na kuhesabu kwa macho. Si kazi ya kifahari, lakini ni kazi ya siku moja.

Mdogo wangu nilimjibu hivi: njoo na baiskeli, lakini mwezi wa kwanza panda matatu. Jumapili tutaipima njia pamoja, makutano kwa makutano, na kama kuna moja ambalo mimi mwenyewe nisingelipita gizani, baiskeli itakaa ndani mpaka tupate njia nyingine, hata kama ni ndefu. Hakufurahi. Shilingi 4,160 ni nyingi. Nimemwambia nitamsaidia nauli, na hilo pia ni kiraka, na si kila kijana anayeshuka Nairobi na baiskeli yake juu ya basi ana kaka wa kumlipia.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaopanga barabara ni dogo, na halihitaji sera mpya wala safari ya kwenda Ulaya kujifunza. Mkitangaza njia ya baiskeli, msitangaze urefu wake. Tangazeni urefu wa kipande kirefu ambacho mtoto wa darasa la nane anaweza kukiendesha bila kushuka na bila kuingia kwenye magari. Hicho ndicho kipimo. Kama ni kilomita moja na nusu, semeni kilomita moja na nusu, na mwaka ujao tuambieni imefika ngapi. Na ile asilimia 20 ya sera ya 2015, anzeni kuitumia kwenye mapengo kabla ya kuchora mstari mpya mahali popote.

Nitaanza mimi na kipande cha Roysambu hadi Pangani mwezi huu, nikihesabu kila mahali njia inapokatika. Anayekaa upande wa Outering Road, Jogoo Road au Waiyaki Way, achukue simu na karatasi na afanye kwake.